Tundu la Upande wa Kushoto

Tarehe tisa Agosti mwaka wa 1949 mke wangu Nakiete alifariki nyumbani kwetu milimani, juu ya Makanya, nami nilikuwa Mombasa nikisubiri saini. Kazi yangu ya miaka ishirini na saba ilikuwa imekwisha tangu mwisho wa Julai. Lakini mzungu aliyepaswa kupokea ufunguo wangu wa kufungia bomba za maji na kuandika kwamba ameupokea alikuwa likizoni, na bila maandishi yake sikuruhusiwa kuondoka. Barua ya msiba ilinifikia tarehe ishirini. Saini ilinifikia tarehe ishirini na nne. Nilipofika nyumbani, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka na kupasuka juu.

Wiki mbili kabla ya kufa Nakiete alikuwa amepanda maharage katika shamba letu la chini ya bwawa la maji. Barua yake ya mwisho, aliyoandikiwa na mwinjilisti, ilisema kwamba nikirudi kustaafu nitakula maharage ya shamba langu mwenyewe, si ya kupimiwa kwa kibaba dukani. Hakuna kingine alichoniagiza. Kwa hiyo nilijiwekea kazi moja tu ya ustaafu wangu, kuyafikisha maharage yale kwenye mavuno. Nusura niyaue kwa mikono yangu, na kwa ufundi uleule niliosifiwa nao. Nitafika huko.

Ninyi vijana wa bomba mliobaki Mombasa mliniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, hasa jinsi ya kusikia maji chini ya ardhi. Nimesoma madarasa mawili ya misheni, kwa hiyo mvumilie mwandiko. Mshahara na vyeo sitaviandika. Vyeo vilikuwa viwili, na mshahara mnaujua maana nanyi mnaulalamikia.

Nilishuka kwenye treni Mombasa mwaka wa 1922, nikiwa sijawahi kuona maji yakitoka ukutani. Siku ya tatu nilisimama kwenye uwanja wa ofisi ya maji pamoja na wanaume kama thelathini. Mnyapara akauliza ni nani anajua kazi ya bomba. Mikono yote ikapanda, isipokuwa wangu. Mzee mmoja mwembamba wa kofia ya kufuma akaninyoshea kidole. Huyo alikuwa Fundi Badi, mwenyeji wa mji. Mnyapara akamwambia, huyo hajui kitu. Fundi Badi akajibu kwamba ndiyo sababu amemtaka, maana wale wengine itabidi awafundishe mara mbili, mara ya kwanza kusahau.

Siku ile ya kwanza nilichimba handaki hadi adhuhuri, kisha nikapewa kushika chungu cha risasi iliyoyeyushwa. Bomba za chuma za wakati ule ziliungwa hivi: unasokomeza katani kwenye kiungo, unazungushia kamba ya udongo, unamimina risasi ya moto, halafu ikipoa unaikaza kwa tindo na nyundo. Fundi Badi aliniambia nikaushe kiungo kwanza. Nilikipangusa kwa shati langu lililojaa jasho, nikaona kimekauka vya kutosha. Risasi haipendi maji. Iliruka, ikanichora mkono wa kulia kutoka kiwiko hadi kifundo. Fundi Badi alinipaka mafuta ya nazi, akaniambia sasa nina cheti. Hicho ndicho cheti pekee ambacho hakikuhitaji saini ya mtu.

Kuhusu kusikia maji. Chombo chake ni fimbo ya chuma yenye urefu wa kufika kifuani, na juu ina kikombe cha mti cha kuwekea sikio. Unaisimamisha juu ya bomba au juu ya valvu, unafumba macho, unanyamaza hata tumboni. Tundu dogo lina sauti nyembamba, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Tundu kubwa halipigi kelele, linanguruma kama mzee aliyekasirika na hataki kusema. Kwenye mchanga sauti hufa haraka, kwenye mwamba husafiri ikakudanganya, ukachimba mbele ya nyumba ya mtu asiye na hatia. Wengine wanasema saa nzuri ni usiku. Fundi Badi alipenda Ijumaa adhuhuri, wakati maduka yamefungwa na mikokoteni imesimama kwa ajili ya sala. Aliniachia fimbo, yeye akaenda kuswali, akirudi aniulize nimesikia nini. Kwa kuwa mimi ni Mkristo, aliniambia Mungu amegawa kazi vizuri.

Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Tukishalipata tundu, hakuchimba. Alikaa kibarazani kwa mtu wa jirani, akaagiza kahawa, akauliza habari za watoto, za mgonjwa, za mbuzi. Kikombe cha pili, cha tatu. Mimi nimesimama juani na sururu. Ndipo aulize, kama kwa bahati, maji haya yanayotoka hapa huwa yanakwenda wapi. Baada ya hapo ndipo tuchimbe, na mara nyingine aliahirisha hadi wiki iliyofuata bila kunieleza sababu. Nilidhani ni uvivu wa uzee. Katika moyo wangu nilimhesabia vile vikombe.

Alipokufa nikachukua fimbo yake, na vikombe nikaviacha. Kazi ikaenda mbio. Niliwahi kupata tundu nyuma ya maghala ya reli, lililokuwa limewashinda wengine mwaka mzima, nikalichimbua na kuliziba kati ya asubuhi na chakula cha mchana. Kesho yake madobi watatu walikuja ofisini na matita yao ya nguo chafu, wakasimama mlangoni. Kumbe miaka yote walifua kwa maji yale. Hawakuwa na la kusema mbele ya mzungu, maana maji hayakuwa yao, wakajitwika nguo wakaondoka. Bwana Mkubwa aliandika jina langu kwenye kitabu kwa wino mwekundu, wino wa sifa. Kisa hicho nimekisimulia kwa kujivuna mara nyingi, na wengi wenu mmekisikia. Nakirudia leo kwa sababu nyingine.

Likizo nilipewa mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili, na siku zote niliiomba Desemba ili nile Krismasi nyumbani. Nilikuta mvua za vuli, milima imefunikwa na ukungu, matope mlangoni, na Nakiete akicheka viatu vyangu. Nilimletea leso za Mombasa, akazitunza sandukuni kwa kuwa zilikuwa nzuri mno kuvaliwa shambani. Miaka ishirini na saba, na sikuuona mwezi wa Septemba wa nyumbani hata mara moja. Yaani mtu wa maji niliijua nchi yangu wakati wa mvua tu.

Siku ya kuagwa nilipewa saa ya ukutani, nikaambiwa ni ili nisichelewe. Nikaomba pia valvu moja ya shaba, kuukuu, iliyokuwa imelala kwenye lundo la vyuma chakavu. Wakacheka, wakaniandikia kibali. Valvu ile ilikuwa na uzito wa mbuzi. Niliifunga kwenye sanduku la mbao, tukapanda treni wote wawili, tukapitia Voi, Taveta na Kahe, na kila palipokuwa na askari nilifungua sanduku na kuonyesha kibali, naye aliangalia valvu, akaniangalia mimi, akanionea huruma.

Same ilinibidi nishuke nikaripoti bomani, kwa sababu nilikuwa nimetoka nchi nyingine. Mombasa, miaka yote, jina langu lilikuwa yule Mpare. Karani wa Same, kijana wa Kipare kabisa, alinisikiliza nikimsemesha Kipare, akanijibu kwa Kiswahili, akaandika kwenye daftari lake: Kajeri wa Mombasa. Sikumsahihisha. Nilikuwa na msiba, na treni ya Makanya ilikuwa imekaribia.

Toka Makanya wanaume wawili walinibebea sanduku kupanda mlima. Habari zilitutangulia. Watu waliokuja kunipa pole walinipa pole vizuri, kwa machozi ya kweli, halafu macho yao yakaenda kwenye sanduku. Mtu aliyekaa Mombasa miaka ishirini na saba hawezi kurudi na sanduku zito hivyo bila sababu. Siku nilipolifungua, shemeji yangu Nambike, dada mkubwa wa marehemu, alichungulia ndani kwa muda mrefu. Akasema, “Shemeji, wenzako huleta cherehani.”

Maharage ya Nakiete niliyakuta mabichi kuliko yote ya mteremko ule. Ulikuwa mwisho wa Agosti, nchi imekauka, vumbi la Makanya linaonekana kutoka juu kama moshi, na shamba lake lilikuwa limeanza kutoa maua. Nilisimama ukingoni nikashukuru Mungu. Fundi Badi angeuliza maji yanatoka wapi.

Kwa wale ambao si wa kwetu, ndiva ni bwawa la udongo lililo juu ya mashamba. Maji ya mto huletwa kwa mfereji yakajaa ndani yake usiku, na asubuhi kizibo kinafunguliwa, kila mwenye zamu akanywesha shamba lake. Mwenye neno juu ya ndiva yetu ni Mzee Togolani, kama baba yake kabla yake. Nilikwenda kwake nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti, akanipa pole tena. Nikaomba zamu.

Akanieleza taratibu, bila kuniumiza. Zamu hupewa mwanamume aliyefika kwenye msaragambo, yaani ile kazi ya pamoja inayoitishwa kwa pembe, ya kuzibua mfereji na kukandika kingo za ndiva. Mimi sikuwa nimefika hata mmoja. Nikasema mke wangu alifika. Akakubali kwamba hakukosa, alibeba udongo kichwani miaka yote, hata akiwa na mimba. Lakini zamu ya ndiva haiandikwi kwa mwanamke, na kwa mume asiyeonekana pia haiandikwi. Nifanye msaragambo msimu huu, msimu ujao nitapata. Nilimwelewa. Mombasa pia mtu hapewi mfereji kwa sababu ya huzuni.

Lakini nilipotoka kwake nilipitia ndivani, na huko ndiko nilikoponzwa. Kizibo kilikuwa gogo lililofungwa magome ya migomba, linavuja pande zote. Na kwenye kona ya kushoto, chini ya mizizi ya mkuyu, palikuwa na tundu la unene wa kidole gumba, maji yanatoka taratibu, yanapotea kwenye majani. Nilipiga magoti nikaweka sikio. Sauti nyembamba, safi, ya siku nyingi. Mtu wa bomba akisikia sauti ile hawezi kuondoka kama alivyokuja. Niliona kwamba hatimaye nina la kuwapa watu wangu, nisije tu kuomba.

Jumapili baada ya ibada nikasema mbele ya wanaume kwamba nitaweka valvu ya shaba mahali pa gogo na kuziba ndiva yote, isipotee hata tone. Walifurahi. Mzee Togolani hakufurahi wala kununa. Aliuliza swali moja.

“Na kule kushoto?”

“Hasa kule kushoto, Mzee. Ndiko kunakovuja vibaya.”

Wanaume walitazama chini. Mmoja alianza kusema neno, mwenzake akamgusa goti. Mzee Togolani aliniangalia kama karani wa Same alivyoniangalia, halafu akasema polepole, “Haya. Mwenyewe amesema.”

Nilidhani mwenyewe ni yeye mwenye ndiva, au ni Mungu, au ni namna ya kusema tu.

Kazi ilichukua siku mbili. Niliwaeleza vijana wa kijijini kama nilivyoelezwa mimi, nikawaonyesha kovu. Tuliweka kipande cha bomba na valvu katikati, tukakishindilia kwa katani na udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa miguu. Kona ya kushoto niliifanya mwenyewe, sikumwamini mtu. Nilichimba kwa chuma changu cha kuchokolea hadi penye udongo mgumu, nikashindilia mawe madogo, udongo, katani, tena udongo, nikapiga kwa gogo hadi udongo ukawa kama jiwe. Asubuhi iliyofuata ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingoni, jambo ambalo hata wazee walisema hawajaliona mwezi wa Septemba. Waliitana kuja kutazama. Waliokuwa na zamu siku ile walinywesha mashamba yao wakabakiza. Wakaanza kuniita Fundi, na wale waliokuwa wamesikitikia sanduku langu wakasema walijua tangu mwanzo.

Siku ya nne majani ya maharage ya Nakiete yalilegea adhuhuri. Nikasema ni jua. Siku ya tano hayakuinuka jioni. Siku ya sita maua yakaanza kupukutika. Ya wengine mlimani yalikuwa yananenepa, ya kwake peke yake yanakufa, chini kabisa ya ndiva niliyoijaza mimi. Nilichukua debe nikaanza kuchota maji mtoni, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, nikamwagia mstari mmoja kwa debe zima. Ardhi iliyanywa kama sikumwaga kitu. Watu walipita njiani wakaniamkia kwa heshima, wakaniambia pole na kazi, wakaendelea na safari. Hakuna aliyeuliza ninafanya nini. Hilo lilinishangaza kuliko ukame, maana kwetu watu huuliza hadi kilichomo mfukoni.

Siku ya saba Nambike alinikuta na debe. Akasimama ukingoni mikono kiunoni.

“Shemeji, unayatesa au unayaaga?”

Nikamwambia sina zamu, nitangoja msimu ujao, nachota kama anavyoniona. Nikamwambia sijui dada yake alifanyaje na yeye pia hakuwa na zamu.

“Kweli hujui?”

“Sijui.”

Nadhani alikuwa amekuja kunigombeza, na akaona hana wa kumgombeza. Akashuka, akaenda mwisho wa juu wa shamba, penye majani marefu, akainama, akainua jiwe bapa. Chini yake palikuwa na mfereji mdogo, upana wa kiganja, umesakafiwa mawe na kufunikwa mawe. Akainua jiwe la pili, na la tatu. Uliteremka moja kwa moja kutoka kwenye mizizi ya mkuyu. Ulikuwa umekauka.

“Dada yangu hakuwa na zamu,” akasema. “Alikuwa na tundu.”

Akanieleza tukiwa tumekaa pale chini. Mwaka wa pili wa ndoa yetu palitokea ukame, na Nakiete alikuwa na mtoto mgongoni na hana zamu. Mzee Togolani asingeweza kumpa bila kuvunja sheria ya baba yake mbele ya wote. Alichofanya ni kwamba siku ya msaragambo, kukandika kulipofika kona ya kushoto, aliwaambia watu wapumzike. Walipomaliza kupumzika aliwaongoza upande wa kulia. Msaragambo uliofuata ikawa hivyo tena. Miaka ikapita, wanaume waliokandika ndiva wakazeeka, watoto wao wakashika majembe, na kila mmoja alijua kwamba pakifika kushoto ni mapumziko. Hakuna aliyewahi kulisema, kwa kuwa likisemwa linakuwa zamu, na zamu ya mwanamke haipo.

“Kwa nini hawakunizuia?”

“Wakuzuie wewe? Walidhani unajua. Walisema Kajeri amerudi, hataki tena nyumba yake iishi kwa maji ya kuvuja. Walikuheshimu, shemeji.” Akajifuta mikono kwenye leso. Ilikuwa mojawapo ya zile za sandukuni. “Ulimletea leso kila likizo. Lakini likizo moja ungekuja kiangazi.”

Nilirudisha jiwe moja mahali pake, halafu nikaliinua tena.

Alipoondoka nilibaki nikakagua ule mfereji, jiwe kwa jiwe, kama mkaguzi. Vijana, nawaambia ukweli. Mteremko wake ulikuwa sawa, si wa haraka ukala udongo, si wa polepole ukajaa tope. Kwenye kona alikuwa amepanua kidogo ili maji yatulie. Viungo alivikandika kwa udongo wa mfinyanzi, uleule niliokuwa nikiuzungushia bomba za Mombasa. Nilitafuta kosa kwa saa nzima, kwa kuwa kutafuta kosa ndiyo kazi ninayoijua, sikuliona. Mke wangu alikuwa ametandika bomba, na hakuna mtu aliyeandika jina lake kwa wino wowote. Pale ndipo nilipomlilia. Kaburini nilikuwa nimesimama tu.

Jioni ile nikaenda kwa Mzee Togolani. Njiani nilitafuta namna ya kusema. Njia rahisi ilikuwa kudai kwamba valvu imeharibika na lazima nichimbue tena, lakini sikuweza. Kazi ile ilikuwa nzuri. Tuliamkiana. Nikakaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilisubiri kikombe. Mkewe alileta uji, nikanywa, nikauliza habari za watoto, za mguu wake unaouma, za ng’ombe aliyezaa. Nikanywa wa pili.

Ndipo yeye akaniuliza, “Valvu za Mombasa huvuja, mwanangu?”

“Hazivuji, Mzee.”

“Uliyoiweka?”

“Haivuji. Na kona ya kushoto haivuji. Nimekosa, Mzee. Niliziba kabla ya kuuliza.”

Nilijua siwezi kumwomba tundu, maana ombi lingetaka jibu, na jibu lingekuwa sheria. Naye alijua kwamba najua. Alikoroga uji wake ambao ulikuwa umeshapoa.

“Kesho kutwa nitapiga pembe,” akasema. “Kingo za juu zimepasuka kidogo. Utakuja?”

“Nitakuja.”

“Uje na jembe. Na kile chuma chako cha kuchokolea.”

Msaragambo wangu wa kwanza ulikuwa siku hiyo ya kesho kutwa, nikiwa na umri wa miaka arobaini na tisa, nikishika udongo pamoja na wanaume waliozaliwa baada ya mimi kuondoka. Walinicheka jinsi ninavyoshika jembe, wakauliza kama Mombasa hulimwa kwa kijiko. Nikawajibu kwamba Mombasa hatulimi, tunasubiri Wapare watuletee. Tulianza kwenye mdomo wa mfereji tukazunguka. Ndiva ilikuwa imejaa nusu. Tulipofika hatua kumi kutoka kwenye mkuyu, Mzee Togolani akachomeka fimbo yake chini.

“Tupumzike,” akasema.

Wote waliweka majembe. Walikwenda upande wa pili, wakakaa kwenye ukingo, wakaipa ndiva mgongo na nyuso zao zikaangalia tambarare, na wakaanza kubishana kwa sauti kubwa, kubwa kuliko ilivyohitajika, kuhusu dume la mbuzi la mtu mmoja lililovunja uzio. Mimi nilibaki. Nikashuka nje ya kingo hadi kwenye mizizi, nikaingiza chuma, nikachomoa katani yangu niliyoishindilia kwa siku nzima. Ilikuwa imekaza sawasawa, ilinitoa jasho. Ndilo tundu pekee nililotoboa kwa makusudi katika maisha yangu, nalo naliandika hapa kwa kuwa kitabu cha kazi kilitutaka tuandike kila tundu. Tope lilitoka kwanza, halafu maji machafu, halafu maji meupe ya unene wa kidole gumba, yakaingia chini ya jiwe la kwanza la Nakiete.

Niliteremka nayo, nikiinua jiwe moja moja kuyaona yakipita, na kulirudisha. Hayakuvuja mahali popote. Yalipofika shambani yakagawanyika kwenye mistari kama yanavyojua njia. Mistari saba ilikuwa imeshakufa. Mitano ilikuwa bado na shingo, na jioni ile ikanyanyuka kidogo.

Lakini hiyo ilikuwa jioni. Pale ndivani, niliporudi juu nikiwa na tope hadi kiunoni, mabishano ya mbuzi yalikuwa bado yanaendelea na hakuna aliyegeuka. Mzee Togolani peke yake alikuja, akasimama juu ya mizizi ya mkuyu, akaangalia maji yanavyotoka, akaangalia kidole chake gumba, akaangalia maji tena.

“Hapa pamekaa vizuri, Fundi,” akasema. “Twende upande wa kulia.”

Nikachukua jembe nikamfuata.